Vijiti Ishirini na Vitatu

Papai lilianguka mbele ya lango la kijiji na kupasuka. Munyi, homugadi, askari mzawa wa serikali aliyekuwa zamu siku hiyo, alilitazama kidogo, kisha akalikanyaga kwa kiatu chake cha serikali mpaka mbegu nyeusi zikatapakaa vumbini.

"Nimesema mara ngapi, Mama Njoki?" aliuliza. "Mahindi, ruhusa. Maharagwe, ruhusa. Matunda, marufuku. Mtu wa msituni hana moto wa kupikia mahindi, lakini papai atalila hivyo hivyo. Hiyo ni amri ya Chifu, si yangu."

"Msitu uko nyuma yangu," Wanja alimjibu. "Mimi nilikuwa naliingiza papai kijijini. Silitoi."

"Likiingia linaweza kutoka."

"Mimi je? Si naingia na kutoka kila siku?"

"Ndiyo maana wewe unahesabiwa."

Wanawake waliopanga mstari nyuma ya Wanja waliinamisha vichwa. Walikuwa wamechimba handaki la serikali tangu alfajiri hadi saa saba, na katika zile saa mbili walizopewa za kwenda mashambani kutafuta chakula, dakika kumi zilikuwa zinamalizikia hapo langoni kwa sababu ya papai moja. Hakuna aliyemlaumu Wanja kwa sauti. Mwaka huo wa elfu moja mia tisa hamsini na tano, katika vijiji vile vya Embu vilivyozungushiwa handaki na mianzi iliyochongwa ili wapiganaji wa msituni wasipate chakula, watu walijifunza kulaumiana kwa macho.

"Sasa lizoe," Munyi alisema. "Ulitupe handakini, asije mtu akaliokota."

Wanja alipiga magoti akalizoa kwa viganja, nyama, maganda na vumbi, yote pamoja. Kwa upande wa ndani wa lango alisimama binti yake Njoki, mwenye miaka mitano, ameshikwa mkono na nyanya yake. Mtoto alifuata kila konzi ya papai kwa macho mpaka ya mwisho ilipotumbukia katikati ya mianzi. Hakulia. Hilo ndilo lililomuuma Wanja kuliko vumbi la magotini.

Hakwenda nyumbani. Alimbeba Njoki moja kwa moja hadi kwenye kibanda cha dawa, alikokaa Mithika, dresa kutoka upande wa Meru, kijana mpole ambaye koti lake jeupe lilikuwa limebaki na kifungo kimoja.

"Fungua mdomo, mama mdogo," Mithika alimwambia Njoki. Alitazama, akabonyeza ufizi kwa kidole kilichofungwa pamba, na pamba ikatoka nyekundu. "Imezidi. Juma lililopita haikuwa hivi."

"Hata ugali ukiwa laini, unatoka mdomoni na damu," Wanja alisema. "Mpe dawa."

"Dawa nilizonazo ni za tumbo na za vidonda. Hii yake haikai kwenye chupa, inaota. Mapera, papai, ndimu, matundadamu. Na si siku ya sikukuu tu, ni kila siku. Si yeye peke yake. Wiki hii nimewaona wanane wa namna hii."

"Na asipopata?"

Mithika alikunja pamba akaitia kwenye ndoo. "Meno yatalegea. Akijikwaruza, kidonda hakitafunga. Baada ya hapo..." Alimtazama mtoto.

"Liandike neno hilo kwenye karatasi. Nimpelekee Chifu."

"Mama Njoki, nikiandika kwamba amri ya Chifu inaua watoto, kesho tutachimba handaki pamoja, mimi na wewe, halafu kibanda hiki kitabaki na nani?" Alisema kwa aibu, na aibu yake ilikuwa ya kweli. Mtu mmoja hawezi kuwa shujaa kila mahali. "Jaribu kwa Lenah. Yeye husikilizwa."

Wanja alimpandisha mtoto mgongoni. Njeru, mumewe, alikuwa kizuizini mwaka wa pili huo. Wanja alikuwa na haki ya kuchoka, lakini alipotoka mlangoni hakuwa amechoka. Alikuwa na hasira, na hasira ile ilimshika vizuri hata akatembea wima.

*

Lenah alikuwa kiongozi wa chama cha akina mama, na nyumba yake ilikuwa mojawapo ya nne zilizoezekwa mabati. Alivaa viatu hata akiwa jikoni. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa amechagua upande ulio na chumvi na sabuni, na alipenda kuamini kwamba hakuchagua.

Alimpokea Wanja uani, si ndani. Kabla Wanja hajasema lake, Lenah alitoa la kwake.

"Nilikuwa nataka kukuita. Ni kweli ulipokuwa msichana, huko Meru, ulifanya kazi jikoni kwa wamisheni?"

"Miaka mitatu, kabla ya kuolewa."

"Basi nisikilize. Jumamosi memsahibu, mke wa D.O. mkuu wa eneo letu, anakuja kutazama watoto wa kijiji wanavyolishwa. Kijiji kile cha ng'ambo ya mto kilimwonyesha fulana za kufuma, wakaandikwa kwenye gazeti. Chifu hajalala vizuri tangu siku hiyo. Ananiuliza, sisi tuna nini? Nina nini mimi? Unga wa maziwa uliokwisha na watoto ishirini na watatu wanaokaa na mama mkwe wako mkienda handakini."

Wanja alimshusha Njoki mgongoni. "Wamisheni walipenda matunda yaliyokatwa vipande. Unachonga kijiti, unatunga: kipande cha papai, kipande cha pera, ndizi, tundadamu, forosadi. Rangi zinafuatana. Watoto wanaweza kufanya wenyewe. Hata huyu anaweza."

Macho ya Lenah yaling'aa. "Wenyewe? Watoto wadogo namna hii? Memsahibu atafurahi sana."

"Matunda yatatoka wapi?"

"Si miti yako bado ipo? Jumamosi asubuhi utakwenda kuchuma, Munyi akiwa nawe. Atahesabu."

"Na watoto watakula?"

Lenah alitazama viatu vyake. "Wageni watakula. Yatakayobaki yatapelekwa nyumbani kwa Chifu, ameshasema. Watoto kazi yao ni kuonyesha."

"Kuonyesha nini?"

"Kwamba wanalishwa vizuri."

Wanja alicheka. Hakukusudia, kicheko kilimtoka tu, na kuku wa Lenah wakakimbia.

"Usicheke, Mama Njoki," Lenah alisema, uso umemwiva. "Likifanyika vizuri, nitakuombea kibali cha kuingiza matunda kidogo kwa ajili ya huyo mtoto. Nakuahidi. Lakini siku hiyo pasiwe na mtoto wa kuramba hata kidole. Chifu hataki aibu."

Njoki alikuwa amekaa chini, akijifuta mdomo kwa mkono wa gauni. Mkono wa gauni ulikuwa na doa jekundu. Lenah aliliona, akageuka upesi kama mtu aliyeitwa na jirani.

"Tutafanya," Wanja alisema.

*

Mazoezi yalifanyika kwa udongo.

Matunda yasingepita langoni kabla ya Jumamosi, hivyo Cucu, nyanya yake Njoki na mama yake Njeru, alikusanya udongo wa mfinyanzi kando ya handaki, akaufinyanga vipande vya mraba. Mweupe uliochanganywa na majivu ukawa ndizi. Mwekundu ukawa papai. Mweusi wa chini kabisa ukawa forosadi. Vijiti havikuwa na shida. Wanawake wote wa kijiji walishinda wakichonga mianzi ya kusimika handakini, ili mtu wa msituni akiruka imchome. Wanja alirudi kila siku na vibanzi vya mianzi ile ile ndani ya kitambaa cha kichwa, akavisugua ncha kwenye jiwe visije vikachoma midomo.

"Kwanza mikono," Cucu alisema, naye alikuwa hasemi mara mbili. Watoto ishirini na watatu walipanga foleni kwenye sufuria ya maji. "Na kucha. Wewe Murithi, hizo kucha zako zinaweza kupandwa viazi."

"Ni udongo, Cucu," Murithi alijitetea. "Nanawa nini nikashike udongo?"

"Unanawa kwa sababu unatengeneza chakula."

"Hiki si chakula."

"Jumamosi kitakuwa."

Walikaa chini ya ukingo wa paa wakatunga. Ednah, binti ya Munyi, ndiye aliyekuwa stadi kuliko wote. Ndiyo, homugadi naye alikuwa na mtoto pale, maana Chifu alikuwa na maziwa na wakubwa wa Chifu walikuwa na maziwa, lakini askari wa langoni hakuwa nayo. Ednah alipanga mwekundu, mweupe, mweusi, mwekundu tena, akawafundisha wenzake kwamba rangi mbili zinazofanana zikikaa pamoja zinaonekana moja.

"Mama Njoki, papai langu lina jiwe," Murithi alilalamika.

"Litoe. Mgeni akivunjika jino utamlipa nini?"

Walicheka. Wanja aliwaeleza kila tunda, kwamba pera ndani ni la waridi na lina mbegu za kukwaruza ulimi, kwamba tundadamu ukilikata linaacha rangi kwenye vidole siku nzima, kwamba ndizi lazima inyunyiziwe maji ya ndimu isiwe nyeusi. Wapo waliokuwa wamesahau. Wapo wadogo ambao hawakuwahi kujua, kwa kuwa walianza kutembea wakiwa tayari ndani ya ua wa mianzi. Hao waliuliza kama pera ni tamu kuliko sukari, na waliuliza sukari ina ladha gani.

Siku ya Alhamisi Cucu alimkuta Njoki amegeukia ukuta. Mtoto alikuwa anaramba papai lake la udongo, taratibu, huku amefumba macho. Udongo ulikuwa umeingia rangi ya damu.

Cucu alikitwaa kijiti kile akakivunja. Kisha akaketi, akafunika uso kwa shuka. Alikuwa mwanamke aliyezika watoto wawili na ng'ombe wote wa boma, na hakuna aliyewahi kumwona akilia mchana.

"Mama," Wanja alimwambia jioni ile, "kibali kitapatikana."

"Kibali!" Cucu alisema. "Miti niliyoipanda mimi kwa mkono huu, kabla Chifu hajaota ndevu. Leo nisubiri kibali cha kula pera langu? Nenda uwafundishe watoto wako kuonyesha. Lakini usiniambie nifurahi."

Wanja aliendelea kusugua ncha za vijiti kwenye jiwe. Alijua kwamba mama mkwe wake amesema kweli, na alijua pia kwamba kweli ile haikuwa na mahali pa kupitia langoni.

*

Jumamosi alfajiri Munyi alimpeleka Wanja shambani. Magugu yalikuwa yamefika kiunoni, lakini miti haijui amri za serikali. Mapera yalikuwa yameiva mpaka mengine yameanguka na kuliwa na ndege. Mapapai yalikuwa ya manjano. Matundadamu yalining'inia kama kawaida yake, mawili mawili.

"Mapapai matano," Munyi alihesabu, akiandika kwa penseli fupi. "Mapera arobaini. Ndizi mkungu mmoja. Kula moja uone nitakavyoandika."

"Wewe kula."

Munyi alimeza mate. "Mimi niko kazini."

Saa tatu meza ilikuwa tayari mbele ya nyumba ya mikutano, imetandikwa majani ya migomba. Kwa kuwa visu vilikuwa marufuku mikononi mwa watu nje ya kazi ya handaki, viwili vilitolewa kituoni, kila kimoja kimefungwa kamba kwenye mguu wa meza, na Munyi akasimamishwa kuvilinda. Wanja na Cucu walikata. Watoto walitunga.

Harufu ilikuwa ndiyo adhabu. Papai likifunguliwa asubuhi yenye baridi, harufu yake inafika mbali, na ilifika kila kibanda. Watoto walitunga bila kusema. Mate yaliwadondoka, wakayafuta kwa bega ili vidole visichafuke, kama walivyofundishwa. Murithi, ambaye kwa kawaida alikuwa anasema kwa niaba ya wote, alikuwa amebana midomo hadi ikapauka. Njoki alitunga kijiti chake polepole sana, papai, pera, ndizi, tundadamu, forosadi, akakiweka juu ya jani, akaficha mikono nyuma ili isimshawishi.

Wanja alitazama mikono ile midogo imefichwa nyuma ya mgongo. Akajiambia, kibali. Neno lenyewe lilikuwa limeanza kumkaa vibaya kooni.

Landrova iliingia saa nne. Memsahibu alishuka, mwanamke mrefu mwenye kofia ya majani na kamera shingoni, na Chifu akashuka upande wa pili katika kanzu yake ya kazi yenye vifungo vya shaba. Lenah alipiga magoti nusu. Wimbo uliimbwa. Kisha memsahibu akaiona meza.

"Oo! Mzuri sana!" alisema kwa Kiswahili chake cha kwenye mashamba ya wazungu. "Nani natengeneza hii?"

"Watoto, Memsahibu," Lenah alisema. "Watoto wenyewe."

"Totos? Peke yao?" Alinyoosha mkono achukue kijiti.

"Ngoja kidogo, Memsahibu," Chifu alisema.

Mkono ulibaki hewani. Chifu alimgeukia Wanja akasema kwa Kiembu, kwa sauti ya kusikiwa na kijiji kizima. "Nani ameonja?"

Katika nchi ile, anayekupa chakula huonja kwanza mbele yako, uji au pombe au maziwa, na wakati wa amani ilikuwa adabu tu, jambo la kumkaribisha mgeni. Lakini Chifu alikuwa ametia saini majina mengi yaliyokwenda vizuizini, na kwa miaka miwili hakunywa hata chai ya mkewe kabla mkewe hajainywa. Kila mtu alijua. Watoto walikuwa wakiigiza mchezo huo nyuma ya vyoo.

"Hakuna aliyeonja," Wanja alisema. "Tuliambiwa mtoto asirambe hata kidole."

"Sikiliza huyu!" Chifu aliwachekea homugadi wake, nao wakacheka. "Mumewe yuko ndani kwa kiapo cha watu wa msituni, na yeye anamlisha mke wa D.O. kitu ambacho hakijaonjwa. Ulitaka afe hapa mikononi mwangu, ninyongwe? Wanawake wa namna yako wana dawa hata chini ya kucha. Onja! Onja tukuone."

Uso wa Wanja uliwaka. Mbele ya watu wote, mbele ya mwanawe, ameitwa mchawi. Alikitazama kijiti kilicho karibu, na papo hapo akaona kitu ambacho Chifu hakukiona. Sauti ilimtoka tulivu.

"Nitaonja, Chifu. Lakini mimi nilikata tu. Sikutunga hata kimoja. Kila kijiti kimepita mikononi mwa mtoto aliyekitunga, na watoto hawa ni wa wanawake wa namna yangu. Nikionja hiki, utajua nini juu ya kile? Nisije nikakudanganya."

Chifu aliitazama meza. Vijiti ishirini na vitatu vilimtazama. Jasho lilimtoka kwenye paji la uso, jasho halisi, jua likiwa bado halijawa kali.

"Basi kila mmoja aonje chake," alisema.

Wanja aligeuka kabla neno halijapoa. "Mmesikia amri ya Chifu! Kila mtu achukue kijiti chake. Onjeni papai. Onjeni pera. Msiruke hata rangi moja, Chifu anataka kuwa na hakika!"

Kwa muda mfupi hakuna aliyesogea, kwa sababu walikuwa wamefundishwa vizuri mno. Kisha Njoki akatoa mikono nyuma ya mgongo, akachukua kijiti chake, akang'ata papai.

Baada ya hapo hakukuwa na kuzuia. Walionja mapapai, wakaonja mapera na mbegu zake, wakaonja ndizi mpaka mashavu yakavimba. Maji ya matundadamu yalitiririka viwikoni. Watoto ambao hawakujua pera walisimama na pera mdomoni, wametoa macho, kama wanaosikiliza jambo. Njoki alitafuna kwa upande mmoja, akasimama maumivu yalipomzidi, akaendelea. Cucu alikuwa anawapa hata vipande vilivyobaki kwenye bakuli, akisema, "Na hiki hakijaonjwa. Na hiki."

"Inatosha!" Chifu alifoka. "Kuonja si kula! Munyi, wazuie!"

Munyi alikuwa anamtazama Ednah, ambaye alikuwa amebakiza nusu ya kijiti. Aliinama chini ya meza akaanza kukagua kamba za visu. "Nahesabu visu, Afande," alisema kutoka huko chini. Visu vilikuwa viwili, lakini alichukua muda.

Na memsahibu alikuwa anapiga makofi. "Angalia! Watoto napenda sana! Chifu, wewe nafanya kazi mzuri!" Aliinua kamera. "Simama hapo karibu na totos, Chifu. Cheka!"

Chifu alisimama katikati ya nyuso zilizopakaa rangi zote, akacheka kama mtu anayeng'olewa jino. Kamera ililia. Watoto waliinua vijiti vyao juu, vitupu kabisa.

Mgeni alipotaka kuonja na yeye, palikuwa na maganda tu. Hakukasirika. Alisema Jumamosi mbili zijazo ataleta wageni wakubwa zaidi, Bwana P.C. mwenyewe, mkuu wa jimbo, na watu wa gazeti, na anataka waone jambo hili hili, watoto hawa hawa. Alimshika Chifu mkono mbele ya watu. Landrova iliondoka na vumbi lake.

*

Chifu alimwita Wanja palepale, mezani penye maganda. Lenah alisimama pembeni, mikono imekunjwa kifuani, hajui ajihesabu upande gani.

"Umenichezea," Chifu alisema.

"Nilitii amri, Chifu. Watu wote walisikia."

"Kibali ulichoahidiwa, sahau. Na kuanzia leo, zile saa mbili za shambani huna. Asubuhi handakini, mchana handakini, mpaka nitakapokwambia. Tuone kama utaonja udongo."

"Mtoto wangu ameshaonja udongo," Wanja alisema. "Nitachimba. Mama mkwe wangu atakwenda shambani badala yangu, ana miguu. Lakini kuna jambo. Bwana P.C. akija, nani atawafundisha watoto?"

"Wewe. Nani mwingine?"

"Basi siwafundishi kwa udongo tena. Kila jioni nikitoka handakini, wote ishirini na watatu, kwa matunda ya kweli. Wakitunga, wanakula. Ukitaka, nipeleke kizuizini aliko mume wangu, halafu umpikie P.C. wewe mwenyewe."

Homugadi mmoja aliinua kiboko. Chifu hakumpa ishara. Alikuwa anafikiri, na kufikiri kwake kulionekana usoni: gazeti, kijiji cha ng'ambo ya mto, mkono wa memsahibu.

"Kwa mazoezi tu," alisema hatimaye, kwa meno. "Wiki mbili. Lakini siku ya P.C., sitaki upuuzi wa leo. Ataonja mtoto mmoja. Mmoja! Vingine vinabaki mezani kwa ajili ya wageni."

Wanja alifunga kitambaa cha kichwa vizuri, akachukua jembe lililokuwa limeegemezwa ukutani. Wanawake wote walikuwa wametoka vibandani, na watoto walikuwa wamekaa chini wakitafuna vijiti, wakifyonza utamu uliobaki kwenye mwanzi.

"Sawa, Chifu," alisema. "Mmoja ataonja kijiti chake. Na vile vingine ishirini na viwili, visivyoonjwa, vilivyotungwa na watoto wa watu uliowafunga, wewe mwenyewe utamshikisha Bwana P.C.?"

Chifu aliwatazama watoto mmoja mmoja, akitafuta yule anayeweza kumwamini, akafika mwisho wa mstari, akaanza tena mwanzo.

Wanja hakungoja amalize. Aliweka jembe begani akaenda handakini.